Mkono Wangu Ulikaa Dawati la Nyuma

Mwanahawa anadai jenereta la chini linagongwa kwa ndani. Anasema kila asubuhi akishuka kutupa taka anasikia nyundo nyuma ya kimlango cha bati cha jenereta: ko, ko, ko, halafu kimya kidogo, halafu ko, ko, ko. Ndivyo alivyokuwa akigonga Baron Nazaret, fundi viatu, ambaye hayupo jengoni hii ni wiki ya pili. Juzi, anasema, jenereta lilikohoa, likamwambia, "Samahani, dada," likajisogeza apite.

Tulikuwa tunaanika nguo, yeye roshani ya ghorofa ya pili, mimi ya tatu. Yeye ni wa Msambweni, mimi wa Mazeras, na sote tunafanya kazi za nyumbani huku Beirut, mtaa wa Waarmenia.

"Limekwambia kwa Kiswahili?" nikamwuliza.

"Sasa lingeniambia kwa nini, shoga? Kiarmenia chao mimi nakijua cha kuitwa tu."

Nikacheka. Akakunja shuka, akanitazama kutoka chini.

"Cheka tu, Mbeyu. Mimi mkono wangu niliuinua. Wewe ulikuwa unamimina kahawa."

Nikaacha kucheka.

Mambo yalikuwa hivi. Walikuja watu wa taasisi moja ya Waarmenia, inayowafuata watu wao popote walipotawanyika na kuwafundisha kujiendesha: kuchagua kamati, kuiuliza manispaa maswali, kuamua mambo kwa kura badala ya kwa kelele. Aliyeletwa kwetu ni binti mmoja, Oriort Talin. Oriort ni kama kumwita mtu Bi, kama hajaolewa; aliyeolewa ni Digin, na mwanamume ni Baron, yaani Bwana. Alibandika karatasi kubwa sebuleni kwa Digin Zaruhi, mama ninayemfanyia kazi, akaandika kanuni ya kwanza kwa kalamu nene: Kila anayelala jengo hili ana mkono mmoja.

Baron Kevork, mwenyekiti, akauliza, "Hata wasichana wa kazi?"

Oriort Talin akasema, "Kwani wao hawalali?"

Neno la kuamua lilikuwa moja. Umeme hukatika kutwa, jengo linataka jenereta lake, na mahali pakavu ni chumba cha chini ya ngazi tu. Humo Baron Nazaret alishona viatu na kulala kwa miaka arobaini. Siku moja kabla ya mkutano nilimpelekea ndara yangu iliyokatika ukanda. Akaishona kwa ule uzi wake wa manjano uliopakwa nta, akakataa malipo.

"Aghchigs," akaniambia, yaani binti yangu, "nasikia sasa hata wewe una mkono. Kesho uinue. Usiseme kitu. Uinue tu."

Nikamwambia, "Sawa, Baron."

Mikono ya jenereta ikawa saba. Mikono ya Baron Nazaret ikawa saba, wa Mwanahawa ukiwamo. Oriort Talin akauliza, "Kuna mkono mwingine?" Akanitazama. Akauliza mara ya pili. Nilikuwa nimeshika sinia, na Digin Zaruhi, ambaye mkono wake ulikuwa wa jenereta, alikuwa ananitazama vilevile. Sikuinua. Kura zikilingana, mwenyekiti ndiye huamua. Akaamua. Siku ya tatu mpwa wake Baron Nazaret akaja na gari kutoka Anjar. Mzee alipanda ameshika nyundo yake, kama mtu anayetoka kidogo tu atarudi.

Basi, usiku wa jana baada ya maneno ya Mwanahawa, nikalala, nikaota.

Nashuka ngazi na sinia. Juu ya sinia pana vikombe saba vya kahawa, na vinanung'unika.

"Polepole," kinasema cha kwanza. "Sisi si maji ya kuoshea miguu."

"Muache," kinasema cha pili. "Huyu ndiye aliyetuokoa tusimwagike. Tulikuwa muhimu sana siku ile."

Nasema asante. Ngazi haziishi. Ghorofa ya tatu, ya pili, ya tatu tena. Ghorofa ya nne naipita nikiwa nashuka. Mwanahawa amesimama mlangoni kwake na ndoo ya taka. Ananiambia nisipoteze wakati, wameshaanza kuita majina.

Chini kabisa, pale palipokuwa na mlango wa Baron Nazaret, limekaa sanduku la kura la kioo juu ya kigoda. Limevaa miwani ya Digin Zaruhi.

"Kanuni ya kwanza," linasema.

"Kila anayelala jengo hili ana mkono mmoja," nasema.

"Vizuri. Basi acha mmoja hapa. Wanaoingia na miwili huwa wanatuharibia hesabu."

Nauliza niache upi. Sanduku linainamisha miwani, linanitazama.

"Wa kushoto ubaki nao. Wa kulia ulikuja wenyewe, wiki mbili sasa. Huna habari?"

Natazama. Mkono wangu wa kulia haupo. Sinia nimelishika kwa wa kushoto na upande wa pili limekaa juu ya mkono mtupu wa shati uliokunjwa vizuri. Wiki mbili nimepika, nimefua, nimepiga pasi, nimemimina kahawa kwa mkono wa shati, na hakuna mtu aliyeniambia.

"Digin naye hakuona?" nauliza.

"Kahawa ilifika?" linauliza sanduku.

"Ilifika."

"Basi angeonaje?"

Linanifungulia. Ndani ni darasa la tano la shule yangu ya Mazeras. Ubao uleule wenye ufa, dirisha lilelile lisilo na kioo, na upepo unaleta harufu ya mnazi unaochomwa. Ila kwenye madawati hawakukaa watoto. Imekaa mikono. Mikono mitupu, kuanzia kwenye kiwiko, imenyooka, imetulia, kila mmoja na daftari lake. Oriort Talin amesimama mbele na kalamu nene, anaita majina.

"Mkono wa Halabu kule Syria, wa yule mama aliyekuwa anakanda unga."

"Nipo," unasema mkono wenye unga kwenye kucha.

"Mkono wa Yerevan, wa yule bwana aliyesema atauinua mwaka ujao."

"Nipo. Mwaka ujao ulifika kweli, nikadhani kuna mwingine."

"Mkono wa Marseille, uliokuwa mfukoni."

"Nipo. Kulikuwa na baridi."

Hakuna anayecheka. Hakuna anayelaumiwa pia. Oriort Talin anaweka alama kwa kila mmoja, taratibu, kama daktari. Namwuliza hawa ni kina nani.

"Ni walioalikwa wote," anasema. "Wale walioinuliwa wana kazi huko nje. Hawa wanasubiri kuitwa tena. Kazi yetu kubwa ni kuwaandalia viti."

Naona mkono wangu. Umekaa dawati la nyuma karibu na dirisha, palepale nilipokuwa nikikaa mimi. Naujua kwa kovu la jivu la moto kwenye kidole gumba. Nasogea na sinia langu.

"Habari," nasema.

Mkono unafungua daftari, unajifanya unasoma.

"Ni mimi. Mbeyu."

"Nakujua," unasema. "Darasa la tano Mwalimu aliuliza mji mkuu wa Uganda. Ulijua. Nikakwambia twende juu. Ukanikalia."

"Nilikuwa mtoto."

"Darasa la saba aliuliza nani anataka kuendelea na masomo na hana karo, ajitokeze. Nikakwambia twende. Ukasema subiri, tuone wengine wanafanyaje. Wewe na kutazama wengine! Umewatazama mpaka wamemaliza shule, wewe umebaki na macho."

"Na siku ya mkutano?" nauliza, ingawa najua.

"Siku ya mkutano nilianza kupanda bila kukuuliza. Nilifika hapa." Unajionyesha usawa wa kifua. "Ukanirudisha kwenye sinia. Ukasema vikombe vitamwagika."

Vikombe kwenye sinia vinakohoa, vinatazama pembeni.

Hapo mlango unafunguliwa, jenereta linaingia. Limevaa koti la suti na linanuka dizeli. Mikono yote inasimama kwa heshima. Jenereta linajipenyeza kwenye dawati langu, dawati linalia, linakaa.

"Naomba kahawa," linasema. "Isiyo na sukari."

Nalikabidhi kikombe. Ndiyo kazi yangu. Linakunywa kikombe chote pamoja na machicha.

"Dada, nikuambie kitu," linasema kwa sauti ya chini. "Watu wa jengo lile wananipenda, lakini mimi sikuomba chumba cha mtu. Nililetwa kwa lori, nikawekwa. Hakuna aliyeniuliza. Na mimi si nalala pale? Mkono wangu uko wapi?"

Namtazama Oriort Talin. Anaandika hilo swali ubaoni na kuliwekea alama ya kuulizia.

"Halafu," linasema jenereta, "kuna mtu ananigonga mgongoni. Hebu niangalizie."

Linageuka. Mgongoni lina kile kimlango cha bati. Nakifungua kwa mkono wa kushoto. Ndani ni chumba cha chini ya ngazi, kizima, na taa yake, na kalenda ya kanisa, na viatu vya jengo lote vimepangwa rafuni. Baron Nazaret amekaa kwenye kiti chake kifupi, misumari midogo mdomoni, anagonga soli. Ko, ko, ko. Ananiona, anatoa misumari mmoja mmoja, anaipanga kwenye goti.

"Umekuja, aghchigs," anasema kwa Kiswahili cha Mazeras, na hakuna anayeshangaa. "Ndara nyingine iko wapi?"

"Sikuja na ndara, Baron. Nimekuja kwa ajili ya mkono."

"Aa. Mkono." Anavaa miwani. "Ulete nione."

Mkono wangu hautaki. Unashika dawati. Unasema hapa angalau unasomewa jina kila siku. Nauahidi. Unaniuliza, unaniahidi nini? Nasema nitauinua. Unasema, "Hilo tulimwahidi mzee huyu, na tuliahidi pamoja, mimi nikiwa ndani ya mfuko wa gauni lako nimeshika senti ulizotaka kumlipa."

Baron Nazaret anapitisha uzi wa manjano kwenye nta, mara moja, mara mbili, anaufyatua kwa kidole aone kama umekaza. Mkono unaufahamu ule mlio. Unashuka dawatini, unakuja wenyewe.

Ananishona. Haiumi. Anashona kama anavyoshona ndara, sindano mbili, moja inakwenda, moja inarudi. Natazama upara wake.

"Baron," nasema, "ulikasirika?"

"Sikukasirika. Nilihesabu." Anavuta uzi. "Nilikuwa nyuma ya mlango, nasikiliza; kujipigia kura mwenyewe niliona aibu. Nilihesabu saba, nikasema sasa wa nane ni binti. Nikaanza kuvua koti langu, nikae."

Anakata uzi kwa meno.

"Halafu nikalivaa tena," anasema.

Ningependa angenitukana.

Oriort Talin anageuka mbele ya darasa. "Kuna mkono mwingine?" anauliza.

Mikono yote inanigeukia. Huu ndio wakati. Nataka kuinua, lakini sinia limehamia mkono wa kulia na vikombe vimejaa tena mpaka juu.

"Weka chini," anasema Baron Nazaret kwa upole.

Meza iko mbele yangu, hatua moja. Napiga hatua. Meza inarudi nyuma hatua moja. Napiga mbili, inarudi mbili. Tunatoka darasani, tunapita uwanjani, tunapita barabara ya Mariakani, malori yanatupisha. Mimi na sinia, meza mbele yangu.

"Simama, tafadhali," naiambia. "Nataka kuweka tu."

"Siku ile nilisimama," inasema meza. "Nilisimama hatua moja kutoka kwako, jioni nzima. Hata kitambaa nilivaa."

"Kuna mkono mwingine?" sauti ya Oriort Talin inatoka mbali. Ndiyo mara ya pili. Anayeuliza mara mbili hana ya tatu.

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umelala juu ya shuka, mzima, na kovu lake. Nikaukunja, nikaunyoosha. Kwenye kiwiko palikuwa na uzi. Uzi mfupi wa manjano, umepakwa nta, umefungwa fundo dogo na ncha yake imekatwa kwa meno.

Sikuufungua. Nilipika kahawa, nikaipeleka sebuleni. Digin Zaruhi alikuwa mezani peke yake na redio. Karatasi kubwa ya Oriort Talin bado imebandikwa ukutani, kwa sababu hakuna aliyenituma kuibandua. Nikapiga hatua moja. Meza haikusogea. Nikaweka sinia.

Nikainua mkono.

"Nini?" akasema Digin Zaruhi. "Unaumwa?"

"Hapana, Digin. Naomba mkutano uitishwe tena. Kuna mkono mmoja haukuhesabiwa."

Akautazama mkono. Macho yake yakashuka mpaka kwenye kiwiko, yakakaa hapo. Anaujua ule uzi. Hata viatu alivyovaa asubuhi hii, vile vyeusi vya kanisani, vimeshonwa ubavuni kwa uzi huohuo.

Akanywa kahawa yake mpaka mwisho. Akakifunika kikombe juu ya kisosi, kama wanavyofanya wao, machicha yakauke kwanza ndipo wasome bahati. Kwa kawaida haichukui muda.

Kikombe bado kimefunikwa. Mkono wangu bado uko juu.