Bibi wa Ginevra

Mtoto wa miaka kumi na mmoja ni mkubwa mno kwa yaya na mdogo mno kwa jiko. Nililijua hilo mwezi wa tano, Ilinca wangu alipotoka shule, akajikaangia viazi na kuchoma pazia la jikoni. Sasa shule zinafungwa miezi mitatu, na mimi nashona viti vya magari kiwandani hapa mjini Iaşi mpaka saa kumi na mbili jioni.

Nilitafuta mtu wa kushinda na Ilinca mpaka nikachoka. Msichana mmoja wa chuo alinipasulia, "Dada, mimi nataka wadogo. Hawa wakubwa wana mdomo." Mwingine alikuja siku mbili, akashinda kwenye simu yake. Ilinca ndiye aliyempikia chai.

Tegemeo langu likabaki mama, aliyeahidi kurudi likizo. Yuko Italia mwaka wa sita huu. Anaishi kwa waajiri wake, na kazi yake ni kumchukua shuleni mtoto wa watu, Ginevra, wa miaka kumi, na kukaa naye mpaka wazazi watoke kazini. Haya, cheka. Mganga hajigangi.

Jumapili akapiga simu ya video.

"Mwanangu, usikasirike."

Nikakasirika hapo hapo.

"Wamenibembeleza nibaki. Wazazi wana kazi likizo nzima, na mtoto hana mtu."

"Na wangu ana nani, mama?"

"Ilinca ameshakua. Huyu akiachwa peke yake anaogopa, analia."

"Hebu nikumbushe, mjukuu wako ni yupi kati ya hao wawili?"

"Usinisimange. Unadhani napenda?"

Nyuma yake sauti ya mtoto ikaita, "Bibi! Njoo uone!" Mama akageuka upesi, uso umemchangamka. "Nakuja, kipenzi." Kipenzi! Jina hilo lilikuwa langu, kisha likawa la Ilinca. Liliniuma kuliko ile habari yenyewe.

Kumbe Ilinca alikuwa amesimama mgongoni kwangu muda wote. Akaichukua simu mkononi mwangu.

"Bibi, kweli anaogopa?"

"Sana, mjukuu wangu."

"Basi kaa naye. Mimi siogopi."

Mama akalia. Mimi sikulia.

Siku ya kwanza ya likizo nilimwachia supu ya maharage, nikamkataza kugusa jiko, nikamwambia asimfungulie mtu yeyote. Akanipungia mkono mlangoni, anacheka. "Nenda mama, utachelewa." Nilipofika kituo cha basi nikakumbuka miwani, na bila miwani sishoni. Nikarudi mbio. Nikatia ufunguo, kitasa kikafunguka, lakini mlango ukagoma.

"Nani?" Sauti ilikuwa ndogo, sikuijua.

"Ni mama. Fungua."

Nikasikia vitu vikiburutwa sakafuni, kutoka mlangoni. Kwanza kiti. Halafu kiti cha pili. Halafu meza.