Mshale wa Tatu

Mume wangu Marete alikuwa na wake wawili, mimi na mjukuu wangu Kajuju. Huo ulikuwa utani wake, na kwetu Tigania si yeye peke yake mwenye utani huo. Binti wa kwanza wa mwanangu alipewa jina langu, kwa hiyo yeye ni mimi na mimi ni yeye. Marete akirudi kutoka shambani alikuwa akiita, "Bibi yangu mdogo, maji ya kunawa yako wapi?" na mtoto anakuja mbio na birika huku akijibu, "Mwambie yule mkubwa, mimi nimechoka." Sisi wawili tuliitana wajina.

Marete alipofariki, sasa ni miaka miwili, watu walimshika Kajuju mkono pale kaburini wakamwambia, "Pole, mjane." Wengine walicheka kidogo, maana ndivyo tunavyofanya ili kilio kipate kupumua. Yeye hakucheka.

Halafu akapata nafasi ya kusomea unesi kule Embu, na Jumatatu ilikuwa siku yake ya kuingia. Mama yake Cicily alikuwa ameshapanga sanduku na kupiga sare pasi. Kilichobaki ni saa ya mkono, na hiyo ilikuwa juu yangu, kwa sababu wajina ndiye hutoa zawadi ya safari. Lakini mimi nilikuwa na wasiwasi mwingine. Tangu habari za chuo zije, mtoto alikuwa kama amewekwa mahali mbali. Ukimwita, anachelewa kuitika. Cicily alisema ni usingizi wa vijana. Mimi nilimtazama akichambua maharagwe, nikaona anarudisha yale mabovu kati ya mazuri bila kujua. Nikasema moyoni, huyu hataki kwenda, na hajui atatuambia vipi.

Asubuhi ya kwenda kununua saa nilipiga magoti kando ya kitanda nikamwambia Mungu, "Baba, kama ni ya kwenda, mpe miguu. Kama si ya kwenda, nipe mimi masikio." Kisha nikafunga pesa ya maharagwe kwenye leso, mimi na Kajuju tukatoka kwetu Muthara tukaenda Meru mjini.

Maduka makubwa ya barabarani tulipita tu. Saa za huko zimewekwa juu ya vitambaa kama wagonjwa wa maana, na mlangoni kuna mtu anakutazama viatu. Tulishuka mpaka Majengo, nyuma ya msikiti, ambako Mama Rukia ana duka lake dogo kati ya bucha na fundi wa viatu. Saa zake ziko chini ya kioo kilichokwaruzwa, na bei zake hazifukuzi mtu.

"Karibu mamangu, karibu binti. Tazameni, kutazama ni bure."

Niliinama juu ya kioo. Zilikuwa nyingi, zimelala safu kwa safu, za mikanda ya ngozi, za plastiki, za bangili. Hakuna hata moja iliyokuwa ikitembea.

"Mama Rukia, hizi zimekufa?"

"Zimelala, mamangu. Nimevuta vile vidude vya pembeni ili betri zisiishe. Ukinunua, nakisukuma, inaamka."

"Na mbona kila moja ina saa yake?"

"Kila moja imelala pale usingizi ulipoikuta."

Maneno hayo yakanichukua. Sijui nilikaa pale muda gani. Niliona moja imelala saa moja na nusu, na nikaingia ndani yake kama mtu anayeingia nyumba ya jirani bila kubisha. Ilikuwa ni asubuhi ya ukungu, nami ni msichana nakimbilia shule, nyasi zimenilowesha mpaka magotini, na mbele yangu siwaoni wenzangu ila nawasikia wakicheka. Nikasogea kwa nyingine. Hiyo ilikuwa saa kumi ya jioni, jua limelala juu ya mahindi, na kijana mmoja mrefu anaitwa Marete anasimama uani kwetu akijifanya amekuja kuuliza habari za ng'ombe aliyepotea. Wao hawakuwa na ng'ombe aliyepotea. Nyingine mishale yake ilikuwa imelaliana, mmoja juu ya mwingine, nayo sikuiingia, niliipita polepole kama unavyopita mlango wa chumba chenye mtoto aliyelala. Hapo adhana ikaanza msikitini, sauti ikapita juu ya mabati, na ilionekana kwangu kwamba inaziita zile saa zote nazo hazisikii.

"Wajina," Kajuju akaninong'oneza, "unaomba ama unachagua?"

"Yote mawili."

Mama Rukia akacheka. "Lete mkono, binti, tukupime."

"Hapana," nikasema, "nipimie mimi. Mkono wangu ni wake."

Akautazama mkono wangu uliopasuliwa na jembe, akautazama wa Kajuju, mwembamba kama mwanzi. "Ninyi watu wa Tigania na majina yenu!" akasema. "Haya, lete huo huo."

Akanivalisha moja nyeusi ya plastiki, namba zake kubwa.

"Hiyo ni ya askari wa zamu," Kajuju akasema.

Akanivalisha yenye mkanda wa ngozi, uso mweupe.

"Hiyo ni ya mwalimu mkuu anayengoja kustaafu."

"Binti ana mdomo huyu," Mama Rukia akasema. "Wagonjwa watapona wakikimbia."

Ndipo nikaiona ile ya bangili. Si dhahabu, ni rangi ya dhahabu tu, lakini ilikuwa nyembamba, na uso wake mdogo kama ukucha, hauna namba, una vitone vinne tu. Ilipofungwa, tik, mkono ukawa wa mtu mwingine. Nilipokuwa msichana, kulikuwa na mama mmoja aliyekaa benchi la mbele kanisani, na alipoinua kitabu cha nyimbo, saa kama hiyo iliteremka kidogo kwenye mkono wake ikashika mwanga wa dirisha. Nilikuwa naimba nikiwa naitazama. Marete aliniahidi, na alimaanisha, lakini kila mwaka kulikuwa na karo, au bati, au ng'ombe mgonjwa. Sikumlaumu. Sasa ilikuwa hapa, na pesa ya maharagwe ilikuwa inaitosha.

"Hii ni ya kazi au ya harusi?" Mama Rukia akauliza.

Kajuju akamjibu kabla yangu. "Ya kwenda nayo tu. Chukua hiyo, wajina. Ni nzuri sana."

Alisema haraka. Nilisikia ile haraka, lakini niliisikia kama mtu aliyelala anavyosikia mvua.

Nikaomba Mama Rukia apunguze, akasema alishapunguza kabla sijaingia, tukaelewana. Akasukuma kile kidude, saa ikaamka, nikamfunga Kajuju mkononi. Ilimlegea kidogo. Tukaenda kunywa chai kwenye hoteli ya kona.

Pale ndipo nilipoanza kuamka na mimi. Kajuju alikula. Wiki nzima alikuwa anazungusha chakula kwenye sahani, na sasa anakula mandazi kama mtu aliyetoka kuvuna, anacheka na msichana wa kuleta chai, uso umefunguka. Nikamshukuru Mungu. Halafu nikatazama tena. Hakuwa ameitazama ile saa hata mara moja. Mtoto aliyepewa saa huitazama mpaka agonge mlango.

Nikaitazama mimi. Mishale miwili ilikuwa imetulia tuli kama ng'ombe wanaocheua. Na nikamkumbuka nesi aliyekuwa akija kitandani kwa Marete. Alikuwa akiinua mkono wa Marete, anaweka vidole viwili, kisha anatazama saa yake na kunyamaza. Kwenye saa yake kulikuwa na mshale wa tatu, mwembamba, mwekundu, unakimbia peke yake. Siku ya kwanza nilidhani anaomba. Nikainamisha kichwa, na alipouweka chini ule mkono nikasema amina. Yeye hakunicheka.

"Kajuju," nikasema, "mshale wa kukimbia uko wapi kwenye hii saa?"

Akaweka kikombe chini.

"Hakuna."

"Na unesi unataka huo mshale?"

"Walituambia bila saa yenye sekunde mtu haingii wodi. Atarudishwa nyumbani."

"Ulijua tangu dukani."

"Nilijua."

"Ukaniacha ninunue."

"Ulikuwa umefurahi, wajina. Sijakuona hivyo siku nyingi." Akazungusha ile bangili mkononi. "Na nilifikiri, wakinirudisha, haitakuwa ni mimi nimekataa. Itakuwa ni saa."

Nikamwongezea chai. Nimejifunza kwamba ukimnyamazia mtu vizuri, anaendelea.

"Siku ile ya babu," akasema, "ulikuwa umetoka nje na mama. Nesi alikuwa amenionyesha pale pa kushika mkononi ili damu isikike. Nikashika. Ilikuwa inagonga kidogo tu, kama mdudu ndani ya kiberiti. Nikaogopa itanipotea, nikabonyeza. Nikabonyeza sana. Ikaacha. Halafu na yeye akaacha." Alikuwa anaongea akitazama chai. "Watu wakaniambia pole mjane, na mimi nilikuwa najua ni vidole vyangu. Sasa nitashikaje mtu mwingine?"

Kumbe ndiyo hiyo. Mimi nilikuwa nikijiambia kwamba namjua mtoto huyu kwa sababu ni mimi, na miaka miwili alikuwa amebeba jiwe ambalo mimi sikuwahi kulibeba. Nilitafuta neno la kanisa la kumpa. Yalikuja mengi, na yote nikayaona ni blanketi la kufunika, si la kuponya. Nikasukuma vikombe kando, nikakunja mkono wa sweta yangu.

"Shika."

"Wajina, watu wanatuona."

"Wacha waone. Shika pale nesi alikuonyesha."

Akashika. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Unaisikia?"

"Naisikia."

"Sasa bonyeza kama siku ile."

"Sitaki."

"Bonyeza, mtoto wangu."

Akabonyeza. Niliona macho yake yakipanuka. "Imeenda," akasema. "Wajina, imeenda!" Akataka kutoa mkono, nikaushikilia pale pale kwa mkono wangu mwingine.

"Na mimi nimeenda?"

"Hapana."

"Nitazame. Naonekanaje?"

"Una makombo ya mandazi kwenye kidevu."

"Basi legeza."

Akalegeza. Tukangoja, sisi wawili juu ya mkono mmoja, na hoteli yote ikawa mbali, vijiko na redio na watu, kama tumekaa ndani ya ule ukungu wa asubuhi.

"Imerudi," akasema polepole.

"Haikuwa imeenda mahali. Wewe ndiye ulikuwa umeziba. Babu yako aliitwa, akaenda mwenyewe, na ulikuwa umemshika. Mimi nilikuwa nje."

Akalia, bila sauti, akijipangusa na leso ambayo ilikuwa na pesa. Nilimwacha. Alipomaliza nikamwambia, "Ukitaka, tunarudi nyumbani na hii ya bangili, na Cicily nitamwambia mimi. Atapiga kelele, atanyamaza. Lakini kama ni ya kubadilisha, chagua wewe. Mimi nilichagulia mtu mwingine."

"Nani?"

"Msichana mmoja wa Muthara, wa zamani."

Akafungua ile bangili, akaipangusa kwa upindo wa gauni lake, akaishika kwenye kiganja kama yai. Akainuka kabla yangu.

Mama Rukia alituona tangu tukiwa kwenye bucha. "Nilijua! Nikasema hiyo ni ya harusi, mbona hakuna bwana harusi?"

"Nilikosea, mama," nikasema. "Utatubadilishia?"

"Wewe umeniombea amani hapa dukani kwangu, mamangu, nikukatalie vipi?" Akaipokea, akavuta kile kidude, nayo ikalala.

Safari hii sikuinama juu ya kioo. Nilisimama nyuma kidogo, karibu na fundi wa viatu. Kajuju aliomba zenye mshale wa sekunde tu, akaomba zote ziamshwe. Mama Rukia alilalamikia betri zake, lakini akaziamsha, moja moja. Mtoto akawa anazitazama zikikimbia. Moja akaikataa kwa sababu mshale wake ulikuwa unaruka. Nyingine kwa sababu uso ulikuwa mweusi na usiku wodini taa ni hafifu. Mwishowe akavaa ile ya mwalimu mkuu, ya ngozi na uso mweupe, mkononi mwake mwenyewe. Ilikuwa kubwa. Fundi wa viatu akaongeza tundu kwenye mkanda, ikakaa.

"Sasa lete nijaribu kwa mtu," Kajuju akasema.

Nikaanza kukunja sweta, lakini hakunitazama mimi. Mama Rukia alikuwa ameshanyoosha mkono juu ya kioo. "Nihesabie mimi, binti. Nina presha, na kule kliniki wananiambia njoo kesho kila siku."

Kajuju akaweka vidole viwili. Vilitafuta, vikatulia. Akatazama saa, midomo yake ikawa inatembea. Jua la mchana lilikuwa limeingia chini ya bati likalala juu ya kioo, juu ya zile saa zote zilizoamshwa, zikikimbia kila moja na njia yake. Mwanamume mmoja akaja mbio dukani, akagonga kioo kwa sarafu.

"Mama, hii nyeusi ni ngapi?"

"Ngoja kidogo," Kajuju akamwambia, bila kuinua macho. "Bado nahesabu."

Yule mwanamume akavua kofia yake akasimama kimya.