Mbegu za Evodia

Wiki tatu kabla ya mvua, Alute aligawa mbegu zake zote za uwele. Alipita nyumba kwa nyumba pale Mgori na kikapu chake, hapa masuke matano, pale kumi, na watu wakampokea kwa mikono miwili. Wakasema tangu afiwe na mkewe, Martha, moyo wake umelainika. Kijiji kizima cha wakulima, na hakuna aliyejiuliza yeye mwenyewe atapanda nini. Watu wakipewa cha bure hawana maswali.

Moyo wake haukuwa laini wala mgumu. Hakusikia kitu. Alikula alicholetewa bila kujua kina chumvi au hakina. Meko hayakuwa yamewashwa tangu matanga yaishe, na juu yake, pale Martha alipokuwa akitundika mbegu zipate moshi zisibunguliwe, ilibaki kamba tupu.

Siku ya nne akaja Evodia, mhudumu wa afya wa kijiji, ambaye watu walimzoea kwa kupima watoto uzito. Mkononi alikuwa na masuke kumi aliyogawiwa na Alute. Akaamkia, akaketi kwenye kigoda, akaitazama ile kamba.

"Baba, mkulima anayegawa mbegu zote hana mpango wa kulima," alisema. "Unafikiria kujiua?"

Alute akatazama majivu. "Ndiyo," alijibu, kwa sauti ile ile ambayo angejibu kama ana mbuzi wa kuuza.

Alipoulizwa kwa kitu gani, alisema dawa ya kuogeshea ng'ombe, iko chini ya kitanda. Evodia aliiomba, naye akaitoa. Hakuona nafuu, hakuona aibu. Evodia akamweleza kwamba huo ni ugonjwa, una daktari wake, na Alhamisi wataenda wote kituo cha afya. Mpaka siku hiyo Enock, mdogo wake Alute, atalala hapo hapo. Alute akaitikia tu.

"Na mbegu hizi nitunzie mpaka mvua," Evodia alisema. "Kwangu napikia mkaa, hakuna moshi. Nitazifuata mwenyewe."

Alute alitaka kusema hawezi. Lakini mbegu za kuachiwa na mtu si mchezo, na mdudu hangoji. Akayafunga masuke kwenye kamba, akapanga kuni tatu, akaomba kiberiti. Moshi ulipomwingia machoni uliwasha, na hilo alilisikia.