Mtu Mzima wa Chumba cha Wasichana

Hwee Choo alipanga vyumba vya meli mara saba, na mara zote saba alipungukiwa mtu mzima mmoja.

Safari yenyewe ilikuwa ya siku nne, Singapuri hadi Penang, Phuket na kurudi, likizo ya shule ya mwezi wa sita. Yeye na mumewe Teck Wah walikuwa wanatimiza miaka ishirini ya ndoa, na alishajiwekea moyoni chumba chenye kibaraza, wawili tu, mlango ufungwe, simu zizimwe. Binti yao Rui En, miaka kumi na mitano na mdomo wa miaka arobaini, akakataa katakata kwenda bila mashoga zake Yalini na Wan Xin.

"Nikae na nyie siku nne baharini nikifanya nini, Mama? Nihesabu samaki?"

Haya. Wasichana watatu chumba kimoja, wazazi chumba cha pili. Jambo jepesi kama kunywa maji.

"Haiwezekani," wakala wa safari akamwambia. "Kila chumba lazima alale mtu wa miaka ishirini na moja kwenda juu. Ingekuwa vile vyumba vyenye mlango wa katikati, ningekusaidia. Lakini vimekwisha tangu mwezi wa pili."

"Si niandike jina langu kwa wasichana, tukishapanda nihamie kwa mume wangu?"

"Zamani walifanya hivyo wengi. Siku hizi wahudumu wanaripoti nani kalala wapi, na mtoto akikutwa peke yake mnashushwa Penang na mabegi yenu. Hamna ndugu yeyote wa kuongeza? Chumba cha wasichana kina kitanda cha nne, kile cha juu kinachoshushwa kutoka darini."

Ndipo Hwee Choo alipomkumbuka wifi yake.

Siew Keow alikuwa dada mkubwa wa Teck Wah, mwanamke wa miaka hamsini na minane anayekaa peke yake mtaa wa Toa Payoh. Aliacha shule akiwa na miaka kumi na sita, akaingia kiwandani kuunga nyaya za redio ili mdogo wake asome, na mdogo wake akasoma kweli. Yeye mwenyewe hakuolewa. Na kwa mila za kwao, mwanamke asiyeolewa hakui, hata nywele ziwe nyeupe zote. Kwenye harusi anakaa meza ya watoto, na harusi ya mwisho Siew Keow alikula katikati ya watoto wa darasa la tatu akiwamenyea kamba. Mwaka mpya, waliooa na kuolewa ndio wanaotoa bahasha nyekundu zenye fedha za heri, na wasioolewa wanapokea. Kila mwaka Hwee Choo, aliyemzidi wifi yake kitu kimoja tu, mume, alimkabidhi bahasha. Na kila mwaka yule mama wa watu aliipokea kwa mikono miwili kama watoto wanavyofundishwa, akasema, "Asante, wifi. Heri ya mwaka mpya."

Basi akampigia simu.

"Wifi, tumekaa tukafikiri, tukaona safari haitanoga bila wewe. Tunataka ulale na wasichana uwe mkubwa wao."

Hwee Choo akaitazama simu.

"Wifi? Upo?"

"Nipo. Mkubwa wao, mimi?"

"Wewe, nani tena? Ndiyo nimeshaandika hapa, mtu mzima wa chumba, Siew Keow."

"Loo," Siew Keow akasema, halafu akasema tena, "Loo," na Hwee Choo akamsikia akivuta makamasi.

Hapo ndipo alipopaswa kuona haya. Hakuona. Aliona amepata dili zuri. Na Teck Wah aliposikia kwamba mkewe, kwa hiari yake, amemwalika dada yake, alisimama jikoni na kikombe cha kopi, kahawa ya kwao, mkononi. Akasema, "Sitaisahau hii, mke wangu." Hwee Choo akainamisha macho kama mtu mnyenyekevu. Jamani, alithubutu.

Uongo wa pili ulikuja wiki ile ile. Meli ilidai barua za ruhusa kutoka kwa wazazi wa mashoga, na mama yake Yalini si mtu wa mchezo.

"Nani atalala na mwanangu?" akauliza. "Nataka jina."

Hwee Choo angemtaja bibi mmoja wa Toa Payoh asiyejulikana na mtu, safari ingeishia hapo. "Mimi mwenyewe," akajibu. Barua zikaandikwa hivyo, zikasainiwa hivyo, na Hwee Choo akazitia kwenye mkoba bila kukumbuka kwamba barua na fomu zingekutana kwenye kaunta moja.

Rui En ndiye aliyelalamika. "Mama, Shangazi anakoroma! Mashoga zangu watanicheka mpaka tumalize shule!"

"Punguza sauti. Saa tatu atakuwa keshalala. Yeye ni wa kujazia fomu tu, hutamwona wala hutamsikia."

Siku ya safari Siew Keow alifika bandarini saa mbili kabla yao. Walimkuta amesimama karibu na mlango, nywele zimetiwa mawimbi saluni, begi jipya la rangi ya zambarau, na jirani yake aliyemsindikiza ndiyo kwanza anaondoka huku akipunga mkono.

"Mtaa mzima umeshajua," Teck Wah akamtania. "Dada, umetangaza redioni?"

"Nimemwambia muuza samaki tu. Basi yeye ndiyo redio." Akacheka, akamvuta Hwee Choo pembeni. Akafungua mkoba nusu, kidogo tu, kama mtu anayeonyesha dhahabu. Ndani mlikuwa na bahasha tatu nyekundu. "Usimwambie mtu. Wakubwa huwawekea watoto chini ya mto usiku wa kuamkia mwaka mpya, si ndiyo? Mama alituwekea sisi. Nikasema, maadamu mmeniandika mkubwa wa chumba... Au nitakuwa nimevuka mpaka, wifi? Niambie ukweli. Sijawahi kutoa hata moja."

"Toa tu, wifi," Hwee Choo akasema, akashindwa kumtazama usoni. Hiyo ndiyo ilikuwa haya yake ya kwanza, na ilikuwa imechelewa miezi mitatu.

Foleni ikasogea. Kauntani kulikuwa na dada mmoja mpole, mwenye sauti ya kusikika mpaka nyuma. Akazipanga pasi, fomu na barua mbele yake.

"Nani mtu mzima wa hawa wasichana watatu?"

"Mimi," Siew Keow akasema. Alijinyoosha akaongeza, "Ni mimi hapa."

Dada wa kaunta akatazama fomu, akatazama barua, akarudi kwenye fomu. "Hapa kuna tatizo. Fomu inasema Siew Keow. Barua za wazazi, zote mbili, zinasema Hwee Choo. Sasa nani hasa analala na hawa watoto?"

Hwee Choo akajishughulisha na zipu ya mkoba.

"Wazazi waliambiwa ni wewe, mama?" dada wa kaunta akamuuliza Hwee Choo.

"Ilikuwa... unajua, mwanzoni tulipanga..."

"Ni Mama yupo kwenye barua," Rui En akadakia. Mtoto alikuwa anataka tu foleni iende, joto lilimzidi na mashoga zake wanamtazama. "Shangazi ni wa kujazia fomu tu. Mama mwenyewe alisema. Eti, Mama?"

Mtu wa nyuma yao kwenye foleni akaguna. Yalini akamfinya Rui En. Rui En akageuka kuuliza amefanya nini, akaiona sura ya shangazi yake.

Siew Keow hakupiga kelele. Hakulia. Angelia, Hwee Choo angepata la kufanya, angemkumbatia, angesema ni mambo ya watoto haya. Siew Keow alimgeukia dada wa kaunta akamuuliza swali, kwa adabu kabisa, kama mtu anayeuliza njia.

"Samahani, binti. Fomu ikishajaa, mtu anapanda au anarudi nyumbani?"

"Unapanda, mama," yule dada akasema taratibu. "Jina lako limo."

Teck Wah hakumtazama dada yake. Alimtazama mkewe, na Hwee Choo akaona wazi kuwa anakikumbuka kile kikombe cha kopi na maneno aliyoyasema. Alitamani sakafu ipasuke immeze, yeye na vitambulisho vyake.

"Sheria yetu ni barua," dada wa kaunta akaendelea. "Aliyetajwa na wazazi ndiye atakayelala na watoto. Mama, wewe utaingia chumba cha wasichana. Anabaki mama huyu na bwana. Mna uhusiano gani?"

"Dada yangu," Teck Wah akajibu. "Ndiye aliyenilea. Tutenganishieni vitanda, basi."

"Ni chumba chenu cha ndoa hicho," Siew Keow akasema. "Nipeni popote. Hata kisicho na dirisha."

"Dada. Tafadhali."

Kadi za milango zikatoka. Siew Keow akafungua mkoba wake, akatoa zile bahasha tatu, akamwekea Hwee Choo mkononi, akamnong'oneza. "Weka wewe, wifi. Mkubwa wa chumba ni wewe." Halafu akashika begi lake la zambarau akamfuata mdogo wake. Gurudumu moja lilikuwa linapiga kelele, na Hwee Choo alilisikia mpaka lilipoingia kwenye lifti.

Chumbani Wan Xin alijifanya anasoma maelekezo ya makoti ya kujiokolea. Rui En alijitupa kitandani akageukia ukuta, na mama yake akajua analia, na akajua pia kwamba hana haki ya kumkaripia kwa neno ambalo mtoto alilipata kinywani mwake yeye. Mhudumu akaja akashusha kitanda cha juu.

"Cha nani hiki?" akauliza.

"Changu," Hwee Choo akasema.

Mhudumu alipotoka, akatoa zile bahasha. Alikuwa ameshaamua: angeziweka chini ya mito kimyakimya, jambo lipite. Akaigeuza ya kwanza. Nyuma yake kulikuwa na maandishi ya kalamu ya wino, herufi kubwa zilizopangwa kwa uangalifu wa mtu asiyeandika kila siku: *Kwa Rui En. Kutoka kwa mkubwa wa chumba, Shangazi Siew Keow.* Ya pili, *Kwa Yalini.* Ya tatu, *Kwa Wan Xin.* Majina ya mashoga yalikuwa yameandikwa sawasawa bila kosa hata moja. Sasa Hwee Choo akaelewa kwa nini wiki iliyopita wifi yake alimpigia simu akataka atajiwe majina ya wale watoto herufi baada ya herufi. Siku ile alimjibu harakaharaka kwa kuwa alikuwa na kazi.

Akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Aliona haya ya mtu mzima, ile ambayo haina pa kukimbilia. Kuziweka hakuweza, maana jina halikuwa lake. Kuzificha hakuweza. Kilichobaki ni kuzirudisha kwa mwenyewe, amwombe radhi, amwite aje aziweke kwa mkono wake. Akaondoka kabla moyo haujamgeuka, akapanda ghorofa mbili kwa ngazi.

Teck Wah hakuwepo, alikuwa ameenda kuwashikia meza ya chakula. Aliyefungua mlango alikuwa Siew Keow. Nyuma yake vitanda vilikuwa vimeshatenganishwa, na nje ya kibaraza majengo ya Singapuri yalikuwa yameanza kurudi nyuma polepole. Alikuwa bado amevaa viatu.

"Wifi," Hwee Choo akaanza. "Nimekukosea. Nimekukosea sana, sina hata pa kuanzia. Nimekuletea bahasha zako. Njoo uziweke mwenyewe, nakuomba. Wasichana wanakungoja."

Akazinyoosha mbele.

Siew Keow akazitazama. Hwee Choo akaanza kutumaini. Kisha yule mama akasimama wima, akaunganisha miguu, akainamisha kichwa kidogo. Akainua mikono yote miwili, viganja juu, akazipokea.

"Asante, wifi," akasema. "Heri ya mwaka mpya."

Akaufunga mlango taratibu, usigonge.