Breka ya Mama Mdogo

Tangu Mama Mdogo astaafu ukunga na kuhamia vyumba vya uani kwa dada yake, Mama Mkubwa, umeme wake ulikuwa unapitia dirishani. Waya mwembamba ulitoka kwenye soketi ya sebuleni kwa Mama Mkubwa, ukaruka dirisha, ukavuka ua sambamba na kamba ya nguo, ukaishia kwenye chumba ambamo oveni ilikuwa kubwa kuliko kitanda. Mama Mdogo alikuwa ameanza kuoka keki za harusi, na waya ulibeba mzigo wote bila kulalamika.

Aliyelalamika ni binti wa dada yao wa kati, fundi umeme ambaye ukoo mzima ulimwita Volti. Alikuja kuwasalimu, akaugusa waya kwa bahati tu, akaurudisha mkono mbio. Ulikuwa wa moto kama pasi. Akauchomoa papo hapo, keki ikiwa ndani ya oveni, na Mama Mdogo akamnunia hadi anaondoka.

Lakini aliporudi na vifaa vyake alipokewa vizuri. Alifunga boksi la pili la umeme ukutani kwa Mama Mdogo, akatandika kebo nene ndani ya bomba la plastiki, akaifukia chini ya ua. Alitaka kuchimba kwenda chini zaidi, ila Mama Mkubwa alisimama kando ya maua yake mikono kiunoni, na Volti, ambaye mwanamke huyo alikuwa mwalimu mkuu wake wa shule ya msingi, akapunguza kina.

Mwanzo wa kebo, kwenye boksi kubwa la sebuleni, akaweka breka ya peke yake, swichi ya kujikata yenyewe. Mama Mkubwa hakupenda kitu asichokielewa kikae ukutani kwake, kwa hiyo akataka maelezo. Volti akamweleza kwamba breka za kule uani zinalinda nyaya za mle ndani tu. Kebo yenyewe, inapovuka ua, inamtegemea mlinzi huyu mmoja, naye ni lazima akae inapoanzia safari. Ikizidiwa au ikitobolewa njiani, breka inaanguka na kukata umeme kabla moto haujashika.

"Kwa hiyo nikiishusha hii, kule kwake umeme hamna," alisema Mama Mkubwa.

Volti alikubali kuwa ndivyo, huku akiona tabasamu ambalo halikumpendeza hata kidogo.

Haikupita wiki simu zikaanza. Redio ya Mama Mdogo ikipanda sauti, breka inashuka. Akichelewa kuja kunywa chai, inashuka. Siku moja alikatiwa umeme kwa sababu Mama Mkubwa alitaka kumuuliza miwani iko wapi, na keki ya ghorofa tatu ikabonyea katikati. Mama Mdogo akamwomba Volti kebo iungwe moja kwa moja kutoka kwenye mita, isipite kwa huyo dikteta.

Volti alikataa katakata. Alimwambia kebo isiyo na breka ikipata hitilafu itawaka tangu sebuleni hadi kitandani, na hapo hawatagombania redio tena. Kisha akaenda kumkalisha Mama Mkubwa na kumsihi. Ilimtoka jasho, maana si rahisi kumkanya mtu aliyewahi kukupigisha magoti mbele ya darasa. Mama Mkubwa alisikiliza, akanywa maji, akaahidi kutoigusa breka tena.

Siku iliyofuata, asubuhi kweupe, breka ilianguka.

Volti alifika akawakuta wamesimama sebuleni. Mama Mdogo ana unga hadi kwenye nyusi. Mama Mkubwa amejifunga khanga, kichwa kizima povu la sabuni. Alikuwa ametolewa bafuni kwa kelele.

"Sijaigusa," alisema kwa sauti ya chini, na sauti hiyo ndiyo iliyomfanya Volti amwamini.

Akaitazama breka. Akajaribu kuipandisha mara moja, ikaruka chini papo hapo kama iliyokanyaga kaa la moto. Akaenda uani akazima kila kitu, akarudi, ikakataa tena. Basi tatizo lilikuwa njiani. Akaifungua kebo pande zote mbili isiwe na umeme, akaanza kufuata mstari wake uani akiangalia chini, mama zake wakimfuata. Hakufika mbali. Katikati ya njia ya kebo kulikuwa na nondo mpya imesimikwa, imenyooka kama askari, juu yake kamba ya nguo.

"Nani kapigilia hii?"

Mama Mdogo alitazama taulo zake zilizoanikwa. Alisema zile za kufunikia keki za harusi zilikuwa zinaburuzika chini. Alisema nyundo ilikuwa na mpini wa mbao, kumbe ndio uliomwokoa asinaswe na umeme. Halafu akakaa kwenye kizingiti. Volti alipofukua, nondo ilikuwa imetoboa bomba na kuingia ndani ya kebo. Alifikiria lile ombi la kuunga kebo moja kwa moja, na nini kingetokea bila breka, kisha akajilaumu kwa kina kile kifupi.

Mama Mkubwa angeweza kusema mengi, na povu lilikuwa linamchuruzika machoni. Alichofanya ni kuchukua kijembe na kuanza kung'oa maua yake mwenyewe, mche baada ya mche, ili njia ichimbwe hadi chini panapofaa.

Kebo mpya, yenye koti la chuma, ilipatikana baada ya siku kadhaa. Muda huo wote Mama Mdogo alikuwa anaokea jikoni kwa dada yake. Volti alipomaliza kufukia, akiwa ametandaza utepe wa njano wa tahadhari juu ya kebo, aliipandisha breka ikashika. Akaenda uani, taa zikawaka, oveni ikanguruma. Alimwita Mama Mdogo aje aone. Hakuitikiwa. Walikuwa jikoni wawili wale, wanabishana kuhusu sukari, na hakuna aliyeonekana kuwa na haraka.