Kaburi la Dada wa Muchunga

Katika saluni ya mtaa wa Murara, mjini Goma, walikosuka nywele, Niyonsenga na Patricia walikuwa na ubishi usiokwisha. Niyonsenga alimpenda Dada Moto, shujaa wa BD, yaani hadithi za picha, anayetembea juu ya lava bila viatu. Patricia alimpenda Muchunga, kijana wa milima ya Masisi ambaye ng'ombe wake huingia kwenye ukungu na kutokea nchi nyingine. Kila mmoja aliiona BD ya mwenzake kuwa upuuzi, wala hakuwahi kuifungua.

Mashujaa hao wawili walipokutanishwa katika albamu moja ya BD, walikwenda kuinunua pamoja, wakafunga mlango wa saluni na kuketi bega kwa bega.

"Utaona, Muchunga atamupiga," alisema Patricia.

"Atamupigia wapi? Dada Moto akimugusa tu, anakuwa majivu."

Walisoma wakicheka. Mashujaa walipigana kule kwenye ziwa la Lac Vert, wakachoka, wakapatana. Kisha Muchunga akampeleka Dada Moto kwenye kambi ya Mugunga, katikati ya mahema ya wakimbizi, akapiga magoti mbele ya msalaba wa mbao ulioandikwa jina.

"Ni dada yake mudogo," Patricia akaeleza. "Alikufa mu kampi. Lakini jina yake hawakuionyesha hata siku moja... Ee! Niyonsenga, ni jina yako!"

Niyonsenga aliusogeza ukurasa karibu. Katika picha iliyofuata, Muchunga alikuwa akikumbuka: msichana mwenye sikio la kushoto lililochanika amepanda mgongoni mwa ng'ombe, na baba yake anapiga kelele, "Shuka, Gaju atakuangusha!"

Niyonsenga aligusa sikio lake la kushoto. Lilichanwa na mbwa wa jirani alipokuwa mdogo. Na Gaju alikuwa ng'ombe wa baba yake huko Masisi, kabla ya vita. Siku walipokimbia, alipotezana na familia yake kwenye barabara ya Sake, akiwa mtoto. Mama mmoja wa Rutshuru alimchukua akamlea, na kila aliyeulizwa habari za ndugu zake alisema wamekwisha. Goma alifika mwaka jana tu.

"Patricia," alisema, "huyu mutu wa kaburi ni miye."

Mchoraji wa Muchunga alijiita Ukungu tu. Jumamosi alikuwa akitia sahihi albamu katika ukumbi mmoja mjini, nao wakaenda. Kwenye foleni, Patricia alimsukuma mwenzake mbele. Mezani aliketi mwanamume mwembamba mwenye ndevu, ameinamia kalamu yake.

"Niandike jina gani?"

"Niyonsenga."

"Kama wa mu BD!" Alitabasamu bila kuinua uso.

"Binti ya Nsanzimana. Mwenye Gaju."

Kalamu ikasimama. Viateur, kaka yake, akainua macho, akaliona lile sikio. Kiti kilianguka. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta.

"Hapana! Nilikuzika! Na hii mikono yangu!"

Watu wa foleni wakageuka.

"Haukunizika, kaka. Niko hapa. Nikamate."

Hakusogea. "Watu wa kampi waliniletea mutoto mu bulangeti. Kipindupindu. Walisema ni weye, wakanikataza kufungua. Basi nilizika mutoto wa nani?"

Niyonsenga alizunguka meza, akauchukua mkono wa kaka yake na kuuweka kwenye sikio lake. Hapo Viateur alilia kama mtoto, mbele ya wasomaji wake wote.

Alasiri hiyohiyo pikipiki iliwafikisha mtaa wa Lac Vert, alikoishi mama yao, Mukamazimpaka. Walimkuta uani akichambua maharage. Alimtazama mgeni, akamtazama tena, ungo ukamponyoka na maharage yakatawanyika. Niyonsenga alipomkimbilia, mama alinyoosha mkono kumzuia.

"Muniache kwanza. Muniache nipumue."

Wakamwacha. Walikaa chini, kila mmoja mahali pake. Baadaye mama alijikokota mpaka kwa binti yake, akaweka kichwa mapajani mwake, na huko akakaa.

"Na ule mutoto mungine wa mu kaburi?" aliuliza hatimaye. "Miaka yote tulikuwa tunamuombea na jina ya mutu mungine."

"Tutaendelea kumuombea, mama," alisema Viateur.

"Tutamuita nani?" mama akauliza.

Jioni iliingia wakiwa bado pale uani, wakiokota maharage yaliyotawanyika.