Bibi wa Kwenye Kaseti

Mwaka 1986 kaka yangu Birindwa alikuwa akitunga mchezo wa video nyumbani kwetu Kadutu, kwenye ordinateri, kompyuta aliyoachiwa na mwalimu Mbelgiji. Sauti za mchezo alizirekodi mwenyewe kwenye kaseti: askari, bibi kizee, mtoto.

Mushagalusa, mkubwa wa chama mtaani, alitusikiliza dirishani siku tatu. Ya nne akaingia bila hodi.

"Citoyen," aliita, kama chama kilivyotaka kila raia aitwe, "unaficha batu gani humu?"

"Niko na mdogo wangu tu, papa," Birindwa alijibu.

"Na ule mwanamuke?"

Birindwa akatoa sauti ya bibi wa kwenye kaseti: "Karibu, mwana wangu, ukule bugali kwanza."

Mushagalusa hakucheka. Alichungulia chini ya kitanda, akaondoka na kaseti. Tukangoja askari. Hawakuja, lakini kila nilipomwona mzee yule niliinamisha kichwa.

Mwaka uliofuata malaria ilimchukua Birindwa. Mushagalusa alipotokea matangani, nilidhani amekuja kutazama nani yupo. Akatoa kaseti kwenye koti.

"Sikuipeleka popote," alisema. "Ule bibi anasema sawa na mama yangu."

Tukaiweka kwenye redio ya kaseti. Wafiwa wote walisogea karibu, na Birindwa, kwa sauti ya bibi, akatukaribisha bugali.